Tafuta Herufi, Usikimbilie Namba: Sidiria ya Mwenye Kifua Kikubwa

Ukiingia kwenye duka la nguo za ndani Kariakoo ukiwa na kifua kikubwa, utaulizwa swali moja tu: "Dada, unavaa namba ngapi?" Ukisema 38 na ikabana, muuzaji atashusha 40. Nayo ikibana ataleta 42, kisha 44, na mwisho atakuvutia mkanda mbele ya macho yako na kusema, "Hii inavutika, itakukaa." Unalipa, unaondoka. Ikifika saa sita mchana mkanda wa nyuma umepanda mpaka katikati ya mgongo, kamba zimechimba mabega, na matiti yako palepale yalipokuwa kabla hujavaa kitu.

Wengi wetu tukifika hapo tunaulaumu mwili. Tunasema kifua changu ndicho kibaya, hakuna sidiria inayokiweza. Nakuomba uliache wazo hilo. Mwili wako hauna hitilafu. Ulichokosa ni kikombe chenye kina, ukapewa mkanda mrefu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na ukishayatenganisha utajua cha kuulizia dukani, cha kukataa hata kama kimeshushwa bei, na cha kumpelekea fundi.

Namba ni ya mbavu

Sidiria iliyoshonwa kwa makini huwa na lebo yenye namba na herufi, kwa mfano 36E. Namba inahusu mzunguko wa mbavu, pale chini ya matiti unapopita mkanda. Herufi inahusu kikombe, yaani tofauti kati ya mzunguko wa mbavu na mzunguko wa kifua pale kilipojaa zaidi. Kwa vipimo vya Uingereza, kila inchi moja ya tofauti hupandisha herufi moja: inchi 1 ni A, 2 ni B, 3 ni C, 4 ni D, 5 ni DD, 6 ni E, 7 ni F, 8 ni FF, 9 ni G, 10 ni GG, 11 ni H, na kuendelea mbele hadi J na K.

Tazama basi D ilipo kwenye mlolongo huo. Ni inchi 4 tu. Herufi A mpaka D zilianza kutumika Marekani katika miaka ya 1930, na kwa muda mrefu D ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari. Mazoea hayo hayajatoka vichwani mwa watu. Mpaka leo mtu akisikia D anafikiria matiti makubwa kupita kiasi, na mwanamke akiambiwa avae G anaona ametukanwa. G haikutukani. Ni inchi 9 za tofauti, basi.

Jambo la pili ndilo linalowapotosha wengi. Herufi peke yake haina ukubwa. D ya 32 ni kikombe kidogo, D ya 44 ni kikombe kikubwa sana, kwa sababu kikombe hukua pamoja na mkanda. Ukipanda namba moja na kushuka herufi moja, ujazo wa kikombe unabaki uleule. Kwa hiyo 34G, 36FF, 38F, 40E, 42DD na 44D zote zina vikombe vyenye ujazo mmoja. Kinachotofautiana ni mkanda.

Sasa mchukue mwanamke mwenye mbavu za inchi 34 na kifua cha inchi 43. Tofauti ni 9, kwa hiyo anahitaji 34G. Dukani hakuna G. Muuzaji anapanda naye ngazi kwa ngazi hadi 44D, na hapo kwa mara ya kwanza matiti yanaingia kwenye vikombe. Yule mama anashusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna kitu kimemtosha. Kumbe amevaa mkanda ulioshonwa kwa mbavu zilizozidi zake kwa inchi 10, sawa na sentimita 25. Mkanda huo hauwezi kumshikia chochote.

Na mkanda ndio unaobeba. Matiti mawili makubwa yanaweza kufikisha kilo mbili na kupita, na mzigo huo unatakiwa ukae kwenye mbavu kuzunguka mwili mzima. Kazi ya kamba za mabegani ni kukiweka kikombe karibu na mwili tu. Mkanda ukilegea, kilo zote hizo zinahamia kwenye vipande viwili vya kitambaa vyenye upana wa kidole. Alama za kudumu mabegani, shingo kukakamaa jioni, maumivu ya mgongo wa juu, hata ganzi inayoshuka mikononi kwa baadhi ya watu: mengi ya hayo huanzia hapo. Mtu akikwambia ukaze kamba zaidi, anakuongezea mzigo palepale panapouma.

Kujipima

Unahitaji ile futi laini ya fundi cherehani, yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na kioo. Jipime ukiwa umevua juu, au umevaa sidiria nyembamba isiyo na sponji. Usijipime siku zinazokaribia hedhi ikiwa kifua chako huvimba kipindi hicho. Ngoja wiki moja baada ya kumaliza.

Anza na mbavu. Zungusha futi chini kabisa ya matiti, ikae sawa na sakafu mbele na nyuma, toa pumzi yote, vuta futi ikubane kama unavyotaka mkanda ukubane, soma. Hiyo ndiyo namba yako. Ikiangukia kwenye namba witiri, mfano 35, jaribu 34 na 36 zote. Usiongeze chochote juu yake. Ipo kanuni ya zamani inayosema ongeza inchi 4 au 5 kwenye kipimo cha mbavu, na bado inatumika madukani. Kwa mwenye kifua kidogo haimdhuru sana. Wewe itakupeleka kwenye mkanda uliolegea na kikombe kilichopungua kwa wakati mmoja.

Kifua kipime mara mbili. Kwanza simama wima na upitishe futi pale palipojaa zaidi bila kukaza. Kisha inama mpaka mgongo uwe sambamba na sakafu, matiti yaning'inie, upime tena. Matiti makubwa, hasa ya mwanamke aliyezaa na kunyonyesha, hulala juu ya mbavu ukisimama na futi husoma pungufu. Ukiinama, nyama yote inahesabiwa. Chukua wastani wa vipimo viwili, toa kipimo cha mbavu, kisha rudi kwenye mlolongo wa herufi.

Ulichopata ni pa kuanzia. Mwenye nyama laini mbavuni huweza kuvumilia mkanda ulio chini kwa namba moja, na aliye mwembamba mwenye mifupa iliyotokeza huenda akastarehe na namba moja juu. Ukihama namba, hama na herufi kwa upande wa pili kama nilivyoeleza.

Kusoma lebo

Lebo moja huweza kubeba vipimo vya nchi nne, na hapo ndipo watu hununua wasichokusudia. Mkanda wa 36 wa Uingereza na Marekani huandikwa 80 katika nchi nyingi za Ulaya, na 95 Ufaransa. Ukitoka hapo, kila namba mbili za Uingereza ni tano za Ulaya: 38 ni 85, 40 ni 90, 42 ni 95. Angalia mtego wenyewe: 95 ya Ufaransa ni 36, na 95 ya Ujerumani ni 42.

Herufi nazo huachana baada ya D. DD ya Uingereza ni E ya Ulaya, E ni F, F ni G, FF ni H, G ni I. Marekani hutumia DDD pale Uingereza inaposema E, na baada ya hapo F ya Uingereza huwa G yao. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi navaa G", muulize G ya wapi. Kati ya G ya Uingereza na G ya Marekani kuna hatua mbili nzima.

Mzigo mpya unaojaa Kariakoo, Kamukunji ya Nairobi na kwenye meza za wamachinga wengi umetoka China, na lebo zake huandikwa 38/85, 40/90, 42/95, zikifuatiwa na B au C, au BC kwa pamoja, au zisifuatiwe na kitu. Ukiona lebo isiyo na herufi, jua vikombe vimekatwa kwa mtu wa kawaida kisha mkanda ukarefushwa. Hata ukiambiwa ni "saizi ya bonge", iangalie kwa macho: weka ngumi yako ndani ya kikombe. Kikombe kipana kama sahani lakini kisicho na kina kitalisukuma titi kuelekea kwapani badala ya kulibeba.

Dukani, hata kama hakuna chumba cha kujaribia

Maduka mengi ya sokoni hayaruhusu kujaribu, na mengine hayana hata pazia. Nenda umevaa fulana nyembamba inayobana, uombe uivae sidiria juu yake. Wauzaji wengi wa kike watakubali ukiwaomba kwa heshima na asubuhi kabla hapajajaa watu. Ikishindikana, toa futi yako mkobani, shika mkanda ncha kwa ncha, uuvute mpaka ukatae kwenda, upime. Mwenye mbavu za inchi 34 anatafuta mkanda ambao ukivutwa mpaka mwisho unafika 34 hadi 36. Ukifika 42 bila taabu, urudishe, hata kama umependa rangi.

Ukipata nafasi ya kuvaa, funga kwenye safu ya mwisho ya kulabu, ile iliyolegea kuliko zote. Mpira wa mkanda hulegea kwa matumizi, na zile safu nyingine zimewekwa kwa ajili ya miezi inayokuja. Ukianza na safu iliyobana kuliko zote, huna pa kukimbilia. Kisha inama kidogo, ingiza mkono kwenye kikombe mpaka chini ya kwapa, uzoe nyama yote uilete mbele ndani ya kikombe. Fanya hivyo pande zote mbili. Nyama tunayoiona pembeni karibu na kwapa na kudhani ni mafuta ya mgongo, mara nyingi ni titi lililosukumwa huko miaka na miaka na vikombe vidogo. Ukishaizoa, unaweza kugundua kwamba kikombe ulichodhani kinatosha hakitoshi.

Simama pembeni ya kioo. Mkanda unatakiwa uwe mstari mmoja mbele na nyuma, na vidole viwili vipite chini yake kwa shida. Ukipanda nyuma, ni mrefu. Kile kipande cha katikati ya vikombe viwili kilale kwenye mfupa wa kifua. Kikielea hewani, vikombe ni vidogo. Waya uzunguke titi lote na uishie kwenye mbavu chini ya kwapa, usikanyage nyama ya titi mahali popote. Kitambaa cha juu kisimwage titi likawa kama andazi lililofura nje ya kikaango. Kama kuna uwazi juu na titi limejaa chini, jaribu kwanza kufupisha kamba kabla hujasema kikombe ni kikubwa. Nyanyua mikono yote miwili kama unaanika nguo: sidiria isipande. Kaa kwenye kiti: waya usikuchome tumboni.

Mwisho shusha kamba zote mbili kutoka mabegani. Matiti yatashuka kidogo, lakini mkanda ukibaki mahali pake na bado unahisi umebebwa, umepata.

Nionavyo mimi, mwenye kifua kikubwa aachane na sponji nene. Sponji huficha kasoro ya kipimo, huhifadhi jasho, na hukiongezea unene kifua ambacho hakihitaji kuongezwa. Tafuta kikombe kilichoungwa kwa vipande vitatu au vinne vyenye mishono, kinachofunika titi zima. Ile mishono ambayo watu huikataa kwa kuona ni ya kizee ndiyo inayonyanyua. Kitambaa kisicho na mshono huvutika chini ya uzito, chenye mishono hukaa. Mkanda wa nyuma uwe mpana, wenye safu ya kulabu tatu au nne kwenda chini. Kamba ziwe na upana wa sentimita mbili au zaidi na zisivutike kwa urefu wake wote, maana kamba ya mpira mtupu hukufanya udunde kila hatua.

Waya usikuogopeshe kwa sababu ya saratani. Uvumi huo umezunguka sana kwenye simu zetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa Seattle, Marekani, uliwahusisha wanawake zaidi ya 1,500 waliokwisha kukoma hedhi, na haukukuta uhusiano wowote kati ya saratani ya matiti na kuvaa sidiria, iwe ya waya au isiyo na waya, wala saa za kuivaa kwa siku. Kinachotakiwa kukuogopesha ni uvimbe usioondoka, ngozi ya titi iliyobonyea, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu. Hayo ni ya kupeleka hospitali wiki hiyohiyo. Waya unaochoma ni dalili ya kikombe kidogo tu, na kama huupendi kabisa, zipo sidiria nzuri zisizo nao, mradi mkanda uwe imara.

Joto, jasho na mitumba

Katika mji kama Dar, Mombasa au Tanga, chini ya matiti makubwa ngozi hugusana na ngozi kutwa nzima. Unyevu huo huleta wekundu, kuwasha na harufu, na mara nyingi ni fangasi. Sidiria inayobeba sawasawa inasaidia kwa sababu inalitenganisha titi na mbavu na kuiacha hewa ipite. Osha kwa maji na sabuni isiyo kali, kausha kabisa kabla ya kuvaa, na ukiwa kazini weka kitambaa safi cha pamba chini ya mkanda ukibadilishe mchana. Krimu ya klotrimazole kutoka duka la dawa huwatosha wengi. Ikiwa hali inarudi kila mara, kapime sukari, kwani fangasi wasiokoma huweza kuwa dalili ya kisukari. Na ile tabia yetu ya kuweka simu na noti ndani ya sidiria, iache. Kitu kigumu chenye joto kikikaa kwenye jasho kutwa kinaichubua ngozi, na kinapanua kikombe upande mmoja.

Kuhusu mitumba, nitasema wazi. Nchini Tanzania, Shirika la Viwango, yaani TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, sidiria zikiwemo, kwa sababu za afya. Najua zinapatikana, na najua kwa nini wenye vifua vikubwa wanazifuata: huko ndiko zinakoonekana lebo za Freya, Fantasie, Elomi na Panache, chapa za Uingereza zinazojulikana kwa vikombe vikubwa. Lakini zaidi ya sheria na magonjwa ya ngozi, kuna sababu inayotuhusu sisi hasa. Uhai wa sidiria uko kwenye mpira wa mkanda. Mtu wa Ulaya huitoa sidiria mpira ukishachoka. Mwenye kifua chepesi anaweza kuisukuma mwaka mwingine. Kwako wewe imekwisha kabla hujaivaa. Fedha ya tatu za namna hiyo ingekaribia kununua moja mpya inayobeba.

Kama una ndugu Muscat, Dubai au London, mwagize yeye. Marks & Spencer hushona vikombe vikubwa kuliko vinavyofika kwetu, na Uingereza lipo duka la Bravissimo, lililoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya vikombe vya D kwenda juu peke yake. Usimtumie ndugu yako ujumbe wa "niletee kubwa". Mtumie mbavu na kifua kwa sentimita, kipimo chako cha Uingereza, kile cha ngazi ya pembeni iwapo chako hakipo, picha ya lebo ya sidiria inayokukaribia zaidi, na sentensi moja inayosema kasoro yake: "mkanda uko sawa, kikombe kinamwaga juu". Aanze na moja. Ikikukaa, ndipo alete nyingine mbili za aina ileile.

Fundi anaweza kufanya nini

Anaweza mengi kuliko tunavyomtuma. Ukikosa 36FF na ukapata 38F, mpelekee apunguze mkanda: abandue kulabu, akate sawa pande zote mbili, azirudishie. Asizidi kama sentimita tano kwa jumla, vinginevyo kamba zitasogea mgongoni na kuanza kuteleza. Anaweza kubadilisha kamba nyembamba kwa pana, kuweka bitana ya pamba ndani ya mkanda unaochubua, na kuziba waya uliotoboa kwa kipande cha kitambaa kigumu. Kwa wanaotaka kushonewa kuanzia mwanzo, tafuta fundi wa magauni ya harusi; huyo amezoea kukata kikombe kwa vipande na anaelewa kina. Mpelekee sidiria ya zamani iliyokaa vizuri aifumue awe na mfano, na kitambaa kisichovutika kwa vikombe.

Kufua ni rahisi kusema, vigumu kushika. Maji baridi, mkono, sabuni kidogo, usikamue kwa kusokota. Anika kivulini kwa kuishika pale katikati ya vikombe, maana ukiining'iniza kwa kamba uzito wa maji unazirefusha, na jua letu linaua mpira. Usivae moja siku mbili mfululizo. Mpira unahitaji kurudi. Siku utakapofunga safu ya ndani kabisa ya kulabu na mkanda bado unapanda, hiyo imemaliza kazi.

Wanaokimbia, wanaonyonyesha, na wasichana

Kwa mazoezi, wengi wetu huvaa sidiria mbili kwa pamoja au hujifunga kanga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambako Joanna Scurr ameongoza kwa miaka mingi utafiti wa mwendo wa matiti, wameonyesha kwamba mtu akikimbia titi haliendi juu na chini tu. Huenda pia kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kulibana kwenye kifua kunapunguza sehemu tu ya mwendo huo, na kunakubana pumzi. Sidiria ya michezo ya mwenye kifua kikubwa inatakiwa iwe na vikombe viwili vinavyojitegemea, kila titi nyumbani kwake, na kulabu nyuma. Ile ya kuvaa kwa kupitisha kichwani, iliyo kipande kimoja, mwachie mwenye kifua kidogo.

Mama anayenyonyesha asivae waya unaobana miezi ya kwanza, kwani mgandamizo wa kudumu mahali pamoja unaweza kuziba njia ya maziwa na kuleta uvimbe wenye maumivu. Nunua mwishoni mwa ujauzito, ukiacha nafasi kwenye kikombe, si kwenye mkanda. Kikombe kifunguke kwa mkono mmoja, maana mwingine utakuwa umembeba mtoto. Na usiambiwe kwamba kunyonyesha ndiko kunakoangusha matiti. Umri, ujauzito wenyewe, kuongezeka na kupungua sana uzito, na sigara ndivyo vyenye mchango.

Wa mwisho ni msichana wa darasa la sita au la saba ambaye kifua kimetangulia umri wake. Huyu huinamisha mabega, huvaa sweta la shule kwenye joto la mchana, hukataa netiboli, na nyumbani huambiwa "jifunike". Anayetakiwa kumsaidia ni mama, shangazi au dada mkubwa, tena kwa upole na faraghani. Usimnunulie sidiria bila yeye, na usimpe yako iliyokuchosha. Mpime kwa futi, juu ya fulana kama anaona haya, mwonyeshe namba na herufi zinavyopatikana ili siku nyingine aweze mwenyewe. Usimwambie kwamba G au F ni aibu, na ndugu wa kiume wakimtania, wanyamazishe mbele yake. Mnunulie mbili zisizo na waya, zenye mkanda unaokaa na kamba pana, rangi isiyoonekana chini ya shati jeupe la shule, na moja ya michezo. Kisha mpime tena kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa sababu kifua cha umri huo bado kinakua, na sidiria iliyomkaa Januari inaweza kumbana kabla ya likizo ya Juni.